Istilahi Sanifu na Kumbukumbu za Mashauri ya Teknolojia: Mpaka Uwekwe Wapi?

Makala haya yanazungumzia jambo ambalo kwa juu juu laonekana kuwa la wanasheria na mafundi wa kompyuta peke yao, lakini ambalo kwa kweli ni letu sisi tunaoshughulika na istilahi. Mashauri yanayohusu simu, kompyuta na intaneti yanazidi kusikilizwa katika mahakama za Afrika Mashariki. Hukumu zake huwekwa katika mikusanyo isomwayo kwa njia ya intaneti. Tanzania tunao mkusanyo wa TanzLII, ulio chini ya Mahakama, nao umefunguliwa kwa kila mtu bila ya malipo; Kenya wanao wa Kenya Law; Uganda wanao wa ULII. Mwanahistoria wa miaka hamsini au mia ijayo, atakapotaka kujua jinsi watu wa zama hizi walivyoingia katika maisha ya simu na kompyuta, na waligombana kwa mambo gani, hataanzia penginepo ila humo. Basi yafaa tujiulize: maneno yaliyomo humo yatamwongoza au yatampoteza? Na Baraza la lugha, ambalo kazi yake ni kusanifu, lina wajibu gani mbele ya kumbukumbu ambazo haziwezi kusanifiwa bila ya kuharibiwa?

Rai ya mwandishi ni kwamba istilahi sanifu mahali pake ni katika faharasa, yaani katika vielekezo vinavyomwonyesha msomaji njia. Kumbukumbu zenyewe ziachwe na maneno zilizozaliwa nayo, hata kama maneno hayo leo yanatuudhi. Katika kurasa zifuatazo tutajaribu kuonyesha sababu.

Mashauri yenyewe

Mtu aweza kuuliza: mkulima wa Marambo, katika nchi ile ya Nachingwea na Ruangwa, ana nini na mashauri ya teknolojia? Anayo mengi. Ufuta, mbaazi na korosho zake hupita katika chama cha msingi, kisha katika chama kikuu cha RUNALI, ambacho jina lake limeunganishwa kutokana na Ruangwa, Nachingwea na Liwale. Zamani wanunuzi walitia bei zao katika bahasha, na bahasha zikafunguliwa mbele ya wakulima. Tangu mwaka 2024 minada ya mazao hayo imekuwa ikiendeshwa kwa kompyuta kupitia Soko la Bidhaa Tanzania. Uzito, daraja, bei na jina la mnunuzi vyote hupita katika mitambo. Siku mkulima atakapodai kwamba kilo zake zimepungua njiani, ushahidi hautakuwa bahasha wala daftari la karani peke yake. Utakuwa pia kumbukumbu za kielektroniki, ambazo Sheria ya Miamala ya Kielektroniki ya mwaka 2015 imeziruhusu zipokewe mahakamani. Hilo nalo litakuwa shauri la teknolojia, japokuwa kiini chake ni gunia la ufuta.

Aidha, mojawapo ya mashauri makubwa ya aina hii katika nchi yetu lilisikilizwa kusini. Mwezi Machi 2018 Serikali ilitangaza Kanuni za Maudhui ya Mtandaoni, zilizomtaka mtu anayetoa habari au maoni kwa njia ya intaneti ajiandikishe na kulipa. Ada ya maombi ilikuwa shilingi 100,000, ya leseni shilingi 1,000,000, na ya kila mwaka shilingi 1,000,000 nyingine. Taasisi sita zilizipinga kanuni hizo katika Mahakama Kuu, Mtwara, mahakama ile ile ambako rufaa za Nachingwea na Ruangwa zimekuwa zikipelekwa kwa miaka mingi. Tarehe 4 Mei 2018 Mahakama ilizisimamisha kanuni kwa muda. Mwishoni mwa mwezi huo huo maombi yakatupwa, na kanuni zikaendelea kutumika. Mwaka 2020 zikafutwa na mahali pake zikatiwa kanuni nyingine. Kwa hiyo msomaji wa kesho anayetaka kuuelewa ugomvi wa Mtwara hana budi apate hukumu pamoja na kanuni ambazo hazipo tena. Kimoja kikikosekana, cha pili hakifahamiki.

Nachingwea inajua maana ya jambo hili kuliko sehemu nyingi. Mpango wa Karanga ulioanzishwa na Waingereza mwaka 1947 ulivunjika mwaka 1951, na reli iliyojengwa kwa ajili yake iling'olewa katika miaka ya mwanzo ya 1960. Wanahistoria wameandika mengi juu ya mpango huo, lakini wameandika kwa kutegemea karatasi za wakubwa wake, na karatasi hizo ni za Kiingereza. Aliyefyeka pori aliyasema yake kwa Kimwera, kwa Kimakonde au kwa Kiswahili. Aliyeandika aliandika kwa lugha yake mwenyewe na kwa istilahi za ofisi yake. Karanga zina mwanahistoria. Maneno ya aliyezipanda hayana. Tena reli iking'olewa huacha tuta, na mpita njia aweza kuuliza tuta hili ni la nini. Ukurasa wa intaneti ukiondolewa hauachi hata tuta.

Neno "hifadhi" na ndugu zake

Tuanze na jina la kazi yenyewe. Wengi husema "kuhifadhi kumbukumbu katika mtandao". Maneno yote matatu yaliyomo humo, yaani hifadhi, kumbukumbu na mtandao, yana matatizo.

Neno "hifadhi" limebebeshwa mizigo mingi. Tunayo hifadhi ya jamii, ambayo ni pensheni na mafao. Tunayo hifadhi ya taifa, ambayo ni makao ya wanyama. Na mtu wa Liwale au Nachingwea, ambaye jirani yake kwa miaka mingi lilikuwa Pori la Akiba la Selous na ambaye tangu 2019 amekuwa akisikia jina la Hifadhi ya Taifa ya Nyerere, akisikia "hifadhi" kwanza hufikiria tembo walioingia shambani. Tunayo hifadhi ya mazingira. Na sasa katika simu zilizotiwa Kiswahili, "hifadhi" ni neno la kubonyeza kwa kidole ili picha isipotee dakika ile. Hapo ndipo penye hatari. Tendo la dakika moja na kazi ya miaka mia vimepewa jina moja, hata mkuu wa ofisi aliyebonyeza neno hilo katika kompyuta yake huamini kwamba kumbukumbu zake zimekwisha hifadhiwa. Hazijahifadhiwa; zimewekwa tu. Kompyuta ikiungua, au muundo wa faili ukipitwa na wakati hata pasiwe na programu ya kuufungua, au ada ya anwani ya intaneti isipolipwa, zimekwenda.

Pendekezo letu ni kwamba "kuweka" kutosheke kwa tendo la kidole, na kazi ya miaka mingi iitwe "utunzaji wa kudumu". Neno "kutunza" lina maana ya kurudi mara kwa mara kukitazama kitu, kama mtu atunzavyo mkorosho kwa kupalilia na kupogolea. Na hiyo ndiyo kazi yenyewe. Nakala ya kielektroniki isiyokaguliwa na kuhamishwa kutoka muundo wa zamani kwenda mpya haidumu.

"Kumbukumbu" na "nyaraka" nayo yanahitaji kutazamwa. Sheria Na. 3 ya mwaka 2002 iliweka Idara ya Kumbukumbu na Nyaraka za Taifa, na katika jina hilo wenye ujuzi wametofautisha vizuri: kumbukumbu ni maandishi ya kazi yanayotumika bado ofisini, na nyaraka ni yale yaliyochaguliwa yabaki daima. Tofauti hii ni ya maana sana. Lakini katika vinywa vya watu haikukaa. Kwa wengi, waraka ni barua ya serikali, au ni barua ya Mtume Paulo; na kumbukumbu ni jambo lolote linalokumbukwa, kuanzia dondoo za mkutano hadi siku ya kumwombea marehemu. Kenya nao hulitumia neno "makavazi" kwa maana ya nyaraka za taifa, neno ambalo Mtanzania wa kawaida halifahamu. Mtu akitafuta habari za jambo moja katika mikusanyo ya nchi mbili, hana budi ajue kwamba makavazi ya huku ni nyaraka za kule.

Mahakama, kwa upande wake, inalo neno zuri la zamani, "masjala", na neno "jalada". Tunashauri yatumike bila haya. Shauri likiwa hai, jalada lake liko masjala. Likiisha na kuchaguliwa kwa ajili ya historia, linaingia katika nyaraka. Maneno hayo tayari yamo midomoni mwa makarani wa mahakama, wala hayahitaji kubuniwa upya.

"Mtandao", "maudhui", "taarifa" na "miito"

Tukiingia ndani ya hukumu zenyewe, tunakuta maneno manne yatakayomsumbua msomaji wa kesho kuliko mengine.

La kwanza ni "mtandao". Asili yake ni kutanda, na ni neno lililojengwa vema. Hata hivyo, leo mtandao ni intaneti, ni kampuni ya simu, kama mtu aulizapo "unatumia mtandao gani?", ni mawimbi ya simu, kama asemavyo mtu wa Ruangwa aliyepanda kichuguu na kusema "huku mtandao hakuna", ni umoja wa vyama, na katika siasa za mwaka 2005 lilikuwa jina la kundi la wanasiasa. Sasa itazame Sheria ya Makosa ya Mtandao ya mwaka 2015. Mwanasheria ajua kwamba hayo ni makosa ya jinai yatendwayo kwa kompyuta. Lakini asiyejua aweza kudhani kwa haki kabisa kwamba makosa ya mtandao ni hitilafu za mawimbi, yaani makosa ya kampuni ya simu wala si ya mtumiaji. Na katika shauri la Mtwara la 2018, mmoja wa waombaji alikuwa Mtandao wa Watetezi wa Haki za Binadamu. Basi katika jalada moja mtandao ni mahali panapodaiwa kutawaliwa na kanuni, na mtandao ni mtu wa kisheria anayezipinga kanuni hizo. Mwanahistoria atakayeiagiza kompyuta imtafutie neno "mtandao" ataletewa vyote viwili, pamoja na kila kesi ya wizi wa fedha kwa simu iliyowahi kusikilizwa.

La pili ni "maudhui". Kila mwanafunzi wa sekondari, Nachingwea au kwingineko, hufundishwa kwamba kazi ya fasihi ina fani na maudhui: fani ni umbo, na maudhui ni mawazo yaliyomo. Katika kanuni za 2018 maudhui hayana fani ya kulinganishwa nayo. Ni kitu chochote kilichotiwa katika intaneti, pamoja na picha, sauti na umbo lake lote. Katika Nairobi, ambako mwaka 2022 mfanyakazi wa zamani wa kampuni iliyokuwa ikichuja maandishi na picha za Facebook alifungua shauri juu ya madhara aliyoyapata kazini, magazeti yamewaita wafanyakazi hao wasimamizi wa maudhui. Na maudhui hayo ni pamoja na picha za mauaji. Mhakiki wa fasihi wa mwaka 2080 akisoma kwamba mtu aliugua kwa kusimamia maudhui, atafikiri nini? Hatusemi kwamba neno hili libadilishwe, limekwisha enea. Tunasema kwamba maana zake mbili ziandikwe, pamoja na miaka ambayo kila moja ilianza kutumika.

La tatu ni "taarifa". Katika Mahakama Kuu, Dar es Salaam, kampuni ya Jamii Media ilifungua shauri mwaka 2016 kupinga vifungu vya Sheria ya Makosa ya Mtandao vilivyowawezesha polisi kudai habari za watumiaji. Habari hizo kwa Kiswahili ziliitwa taarifa. Lakini kutoa taarifa polisi, kwa lugha ya kila siku, ni kwenda kwa hiari yako kueleza kwamba umeibiwa. Sentensi "kampuni ilikataa kutoa taarifa polisi" yaweza kusomwa kuwa kampuni ilificha jinai, au kuwa kampuni ililinda siri za watu. Hizo ni shutuma na sifa katika maneno yale yale. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 imesaidia kwa kuongeza sifa ya "binafsi". Kenya wao husema "data". Mahali ambapo haki ya mtu inategemea neno, tofauti hii si ndogo.

La nne ni "miito". Mwaka 2016 Mahakama ya Wilaya ya Ilala iliamuru wanamuziki Ambwene Yesaya, aitwaye AY, na Hamis Mwinjuma, aitwaye Mwana FA, walipwe zaidi ya shilingi bilioni 2 kwa sababu nyimbo zao zilitumiwa na kampuni ya simu bila ya idhini yao, na shauri likaendelea katika ngazi za juu. Watu walilizungumza shauri hilo kwa jina la "miito ya simu". Lakini kuna sauti aisikiayo mpigiwa katika simu yake mwenyewe, na kuna wimbo ausikiao mpigaji akingojea kujibiwa. Ya kwanza mtu aweza kuitia mwenyewe. Ya pili hutolewa na kampuni, tena kwa malipo. Ugomvi wa Ilala ulikuwa juu ya hiyo ya pili. Kiswahili cha mitaani kimeziita zote miito. Teknolojia hiyo yenyewe itapita, na mtu asiyepata kuisikia hataweza kukisia ni sauti ipi iliyokuwa na thamani ya mabilioni.

Hatari ya kusafisha

Msomaji wa jarida hili huenda akasema: haya yote yanathibitisha kwamba Baraza lifanye kazi yake. Liketi, liamue neno moja kwa kila dhana, na hukumu zote zisahihishwe zifuate uamuzi huo. Hapa ndipo tunapotofautiana.

Baraza la Kiswahili la Taifa lilianzishwa kwa sheria ya mwaka 1967, na orodha zake za istilahi zimewafaa sana walimu, wafasiri na watangazaji. Lakini historia ya orodha hizo inatufundisha unyenyekevu. Kwa mashine moja tu tumekuwa na "ngamizi", "tarakilishi" na "kompyuta". La kwanza lilipendekezwa likapigwa vita na masikio. La pili lingali na nguvu Kenya. La tatu limeshinda Tanzania. Tuseme kwamba mtu wa miaka iliyopita, kwa nia njema, angalipita katika maandishi yote na kubadilisha kila "kompyuta" kuwa "ngamizi". Leo tungekuwa na maandishi ambayo hayasemi kama walivyosema watu wa wakati wake wala kama tusemavyo sisi. Istilahi husanifiwa leo na kuachwa kesho; hukumu huandikwa mara moja.

Hatari hii imekuwa kubwa zaidi tangu mwaka 2021, sheria ilipobadilishwa na Kiswahili kikawa lugha ya sheria na ya mahakama. Ni hatua ya heshima, na wapenzi wa Kiswahili waliingojea kwa miaka mingi. Kabla ya hapo, nje ya Mahakama za Mwanzo, shahidi alisema kwa Kiswahili na hakimu akaandika kwa Kiingereza. Maneno ya shahidi yakapotea pale pale mezani, kama yale ya mfyeka pori wa Mpango wa Karanga. Sasa kwa mara ya kwanza maneno yenyewe yanaweza kubaki. Shahidi akisema "meseji ya muamala haikuingia", iandikwe hivyo hivyo. Karani asiigeuze kuwa "ujumbe mfupi wa kuthibitisha malipo ya kielektroniki haukupokelewa" kwa kuwa amesoma orodha ya istilahi. Neno "meseji" na kitenzi "kuingia" vinatuambia jinsi mtu huyo alivyoifikiria fedha: kwake fedha haijalipwa mpaka meseji iingie. Hiyo ni historia, na haimo katika istilahi sanifu.

Kwa upande wa pili, hukumu za kabla ya 2021 zitafasiriwa, na zafaa kufasiriwa. Lakini tafsiri ya leo ya hukumu ya 2018 ni maandishi ya leo. Ikiwekwa mahali pa asili bila ya kutajwa kwamba ni tafsiri, mwanahistoria atamnukuu jaji wa Mtwara akitumia maneno ambayo jaji huyo hakuyatumia.

Funzo kutoka nje

Jambo hili si la Kiswahili peke yake. Nchini Marekani kampuni ya SCO iliishtaki kampuni ya IBM mwaka 2003 juu ya programu za kompyuta, na mwaka huo huo Pamela Jones akaanzisha mkusanyo wa Groklaw ili kulifuatilia shauri hilo na mengine ya jamii yake. Watu wa kujitolea walichukua hati za mahakama zilizokuwa picha tupu za karatasi, wakazinakili neno kwa neno ili ziweze kutafutwa. Mwezi Agosti 2013 kazi ya mkusanyo ilisimama, mwanzilishi akieleza kwamba hawezi kuendelea katika hali ambayo barua pepe zinapelelezwa. Shauri la SCO na IBM lilimalizika kwa mapatano mwaka 2021. Kwa maneno mengine, shauri liliishi miaka minane baada ya mkusanyo wake kufungwa.

Twajifunza mambo mawili. Kwanza, mkusanyo unaotegemea moyo wa mtu mmoja au bajeti ya ofisi moja haurefuki kuliko huyo mtu au hiyo bajeti; ndiyo maana taasisi kama Internet Archive ya San Francisco, iliyoanzishwa mwaka 1996, zimechukua kazi ya kunakili kurasa za wengine. Pili, wale wa kujitolea hawakusahihisha lugha ya hati. Walinakili makosa pamoja na usahihi, kwa kuwa walijua kwamba kosa la mwandishi wa hati laweza kuwa ndilo ushahidi. Hata kwetu zipo hukumu zilizoingizwa katika mikusanyo kama picha za karatasi. Siku zitakapogeuzwa kuwa maandishi, kishawishi cha kusafisha kitakuwa kikubwa, nasi tulio watu wa lugha ndio tutakaoitwa kusaidia. Tujue mapema tutakataa nini.

Mapendekezo

Kwa muhtasari, mwandishi anapendekeza yafuatayo:

(i) Maandishi ya asili ya hukumu na ushahidi yasiguswe kwa sababu za kilugha. Kosa la wazi la chapa lielezwe pembeni, lisifutwe.

(ii) Kila mkusanyo wa mashauri ya teknolojia uwe na faharasa ya istilahi. Upande mmoja likae neno sanifu. Upande wa pili yakae maneno yote yaliyotumika na mawakili, mashahidi, magazeti na watu wa mitaani. Anayetafuta "tarakilishi" aletwe kwenye "kompyuta", na anayetafuta "makavazi" aletwe kwenye "nyaraka".

(iii) Kila istilahi inayotolewa na Baraza iandikiwe mwaka wa kuidhinishwa, na ikiachwa uandikwe mwaka wa kuachwa. Istilahi zilizoachwa zisiondolewe katika orodha. Hizo ndizo funguo za majalada ya zamani.

(iv) Tafsiri iitwe tafsiri, iwe na mwaka na jina la ofisi iliyofasiri, na ikae kando ya asili.

(v) Namba ya nukuu ya kila hukumu, ile inayotaja mwaka, mahakama na nambari, iambatane na kila nakala na kila tafsiri. Maneno yatabadilika, namba hiyo haina sababu ya kubadilika, na itakuwa kamba ya kuzifunga nakala pamoja.

(vi) Nakala zikae mahali zaidi ya pamoja: Mahakamani, katika Idara ya Kumbukumbu na Nyaraka za Taifa, na katika maktaba za vyuo vikuu. Pamoja na hukumu ziwekwe sheria na kanuni kama zilivyokuwa siku ya hukumu.

Kuna watakaosema kwamba faharasa ya namna hii ni gharama. Ni kweli. Lakini sehemu kubwa ya kazi tayari imefanywa na Baraza na vyuo vyetu katika miaka zaidi ya hamsini ya kukusanya istilahi. Kinachohitajika ni kuzitia miaka yake na kuziunganisha na majalada. Wengine watasema kwamba kuacha kila neno lilivyo ni kuiachia lugha iende ovyo. Hao tunawajibu kwamba lugha ya leo na isanifiwe kwa nguvu zetu zote, shuleni, magazetini, na katika sheria zinazotungwa. Lakini mtu aliyekwisha sema, na maneno yake yakaandikwa chini ya kiapo, hayumo tena katika mamlaka yetu.

Mkulima wa Marambo atakayekwenda mahakamani kwa ajili ya kilo zilizopungua katika mnada wa kompyuta hatatumia istilahi zetu. Atasema mzani ulidanganya, mtandao ulikata, meseji haikuingia. Wajukuu wake wakitaka kujua alidai nini, wayakute maneno hayo kama alivyoyasema, na kando yake wakute faharasa ya kuwafahamisha maana yake.